Kati ya Ishirini na Tano na Arobaini

Mwalimu Vaike Lember alipiga mstari ubaoni
toka ukingo hadi ukingo, chaki haikuinuka.
"Huu ndio ulimwengu wetu hadi Pasaka.
Hakuna kushoto wala kulia.
Kuna mbele, kuna nyuma, kuna saa."
Kisha akatutuma nyumbani:
tafuteni kitu kiendacho moja kwa moja, mkipime.

Wenzangu walivingirisha mipira kwenye korido.
Mimi nilipewa bahari.

Februari ile iliganda kutoka Hiiumaa hadi bara,
wakafungua barabara juu yake,
kilomita ishirini na sita za weupe,
na kila mita mia mbili tawi la mreteni
limechomekwa kwenye barafu.
Nani mwingine aliwahi kupewa rula ndefu hivyo?

Bango la ufukweni lilisema:
Fungueni mikanda.
Msisimame.
Msiende kati ya ishirini na tano na arobaini.

"Gari husukuma wimbi huko chini," baba akanieleza.
"Ukijikongoja, linakutangulia.
Ukikimbia, unaliacha.
Mkienda sambamba, mnapasua sakafu."
Mama alikuwa mbele, mkoba wa hospitali magotini:
gauni mbili za kulalia, ndala,
redio ndogo isiyo na betri.

Nikahesabu matawi, nikabonyeza saa, nikaandika.
La kumi, dakika mbili.
La ishirini, dakika nne.
La thelathini, sita.
Mwendokasi uleule, mchapuko sifuri.
Sikujua kama dunia inaweza kuwa tiifu namna ile.

Tawi la sabini na moja, mama akasema:
"Heldur, punguza. Sili."
Baba akaivuka haraka ile namba iliyokatazwa,
akashuka hadi ishirini.
Sili alikuwa kando ya tundu lake, amelowa,
akitutazama kama karani aliyekatizwa chai.
Mama alifuta kioo kwa mkono wa sweta.
Matawi sita tulitambaa.
Kisha baba akakanyaga mafuta,
nami nikabana pumzi hadi sindano ilipopita arobaini.

Hospitali ya Haapsalu ilinuka supu ya kabichi.
Hilo sikuliandika.

Tulirudi wawili.
Kiti cha mbele kilikuwa na glavu zake.
Sasa nilihesabu kinyumenyume,
mia na thelathini, mia na ishirini na tisa,
na tulipofika palepale gari likapungua.
Tundu lilikwisha fanya utando mpya.
Hapakuwa na kitu.
Matawi sita, baba hakutazama pembeni,
na mimi nilibonyeza saa kwa sababu ndiyo kazi niliyotumwa.

Grafu ilitoka kama paa la nyumba,
bati moja lapanda, moja lashuka,
kila moja limebonyea mahali pamoja.
Mwalimu Vaike akagusa la kwanza.
"Hapa umeandika sili. Na hapa?"
"Sili," nikasema.
Alinitazama kitambo, kalamu nyekundu hewani,
akaiweka chini.

Swali la mwisho:
umbali, kilomita hamsini na mbili.
Uhamisho, sifuri,
maana gari lilirudi bandani lilipotoka.
Nilipata tiki. Usiku ule niliifuta kwa mate
hadi karatasi ikatoboka.

Mama alirudi Mei, kwa feri, bahari imefunguka,
koti likimpwaya mabegani.
Sili hakumkumbuka hata kidogo.
Nikamtandazia grafu juu ya meza, kati ya vikombe,
akaifuata kwa ukucha, kupanda, kushuka,
akakwama kwenye lile bonde la pili.
"Hapa mlisimama?"

Baba alikuwa anamenya kiazi.
"Hairuhusiwi kusimama," akasema.