Kila Herufi Isipokuwa Eksi

Bi Mkamburi huvuka kuja kwetu Amu
mara moja kila miezi miwili,
kompyuta yake ndani ya mfuko wa kitenge.
Humpa chumba cha mwisho, ukishapita dirisha la dawa,
chumba chenye meza, viti vitatu na feni ya dari.

"Ukiona herufi, Shebwana, gonga.
Ukiona eksi, usigonge.
Dakika kumi na nne.
Hapa hakuna kushinda wala kushindwa."
"Eksi ina kosa gani?"
Bi Mkamburi akacheka.
Mwanangu hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Nikajibanza pembeni na kofia yangu ya vito,
sindano mdomoni, nikijifanya sitazami.

T, akagonga. M, akagonga.
Na juu yetu ile feni, bawa lake moja bovu,
kila ikitimiza mzunguko: tk.
Mimi sikuisikia
mpaka nilipoona bega la mwanangu linaisikia.
Tk, bega likaruka. Tk.
Macho yakapanda darini, yakashuka, yakapanda.
H ikapita. R ikapita.
Eksi ikaja, akaigonga,
pengine kwa kuihurumia.

Karatasi ya kwanza niliandikiwa miaka mitano nyuma.
Usonji.
Nililibeba neno hilo ndani ya buibui mpaka Langoni
kama mtu aliyebeba yai,
nikalifungua usiku, watu wamelala.
Sasa wanatafuta kama kuna la pili,
la makini isiyokaa.
Wifi yangu huuliza: mtoto mmoja, majina mawili ya nini?
Humwambia: chai ina tangawizi na ina pilipili manga;
hebu niambie, ni ipi iliyokuwasha koo?

Kisha umeme ukakatika.

Feni ikazunguka kwa mazoea tu.
Tk.
    Tk.
            Tk.
Ikanyamaza.
Kompyuta ikaendelea kwa betri yake.
Joto likatushukia, jasho likanitoka mpaka kwenye vidole,
na bega la mwanangu likateremka
kama mzigo uliotuliwa.
Herufi zikaja, akazipokea moja moja.
Eksi zikaja, akaziacha zipite
kama wageni wa nyumba ya jirani.

Bi Mkamburi akanigeuzia kioo nione mchoro.
Upande huu meno ya msumeno,
upande huu uzi.
Alikaa kimya kitambo.
"Huku nimempima mtoto," akasema,
"na huku, naogopa, nimepima feni."

Nilitaka kufurahi. Nilikwisha kuanza.
Lakini mimi ndiye ninayeishi naye.
Nyumbani kwetu hakuna feni
na bado mfereji huachwa ukimwagika,
daftari hulala msikitini, kiatu hurudi kimoja,
na akitumwa chumvi, saa nzima baadaye hurudi
na habari za sisimizi, mikono mitupu.
Nikayasema yote.
Nilisema kama anayetoa ushahidi
juu ya mtu anayempenda.
Hakunikatiza. Akaiacha kompyuta,
akaandika kwa kalamu:
*Haijabainika. Mwezi wa nane, chumba kingine,
feni izimwe. Mama aulizwe zaidi.
Mtoto naye aulizwe.*

Hilo la mwisho alilipigia mstari.

Nilipokunja kofia yangu nitoke
nikaona tundu tatu nimeziruka, safu nzima imepinda.
Mimi hakuna aliyenipima.

Tulishafika kwa muuza mkate wa mofa
aliposimama ghafla, watu wakatupita huku na huku.
"Mama, ile feni
skrubu yake moja imelegea.
Moja tu.
Kwa nini hawaikazi?"