Dakika Hamsini Kasoro Tano

Miaka kumi na mmoja niko na mizani hii,
uwanja wa ndege wa Mwanza, dirisha la pili,
chini ya feni inayozunguka kwa kulalamika.
Nimepima vipuri vya pikipiki, sangara wakavu,
viatu vya mtumba, mguu mmoja mmoja,
na keki ya harusi ambayo mwenyewe aliniambia,
"Iweke kama mtoto mchanga."
Ndizi sijapima. Nani apeleke ndizi Bukoba?

Abiria wa mara ya kwanza huuliza, "Ni mbali?"
Nawaambia: dakika hamsini kasoro tano,
anga likiwa shwari.
Chai ya Lugembe, ukiiacha hapa na kisosi juu,
ungefika kule, ugeuke, urudi, isingekuwa imepoa sana.
(Lugembe anabisha. Anasema chai yake hupoa haraka
kwa sababu ya mshahara.)
Kwa barabara ni kutwa: Sengerema, Geita, Biharamulo,
Muleba, na mgongo unafika kesho yake.
Kwa meli, usiku mmoja na ubao wa kulalia.
Kwa rula ya mwanangu, kwenye atlasi ya shule,
sentimita nne tu,
karibu zote buluu.

Mpaka kwa Kemilembe, dada yangu,
sijui nipime kwa nini.

Mama alitutoka msimu wa senene.
Matanga yalipoanuliwa tukaligombea cherehani lake,
watu wazima, mbele ya majirani,
mikono bado ina harufu ya ubani.
Yeye akabaki na kichwa.
Mimi nikapakia miguu ya chuma kwenye meli
nikarudi nayo Mwanza, mshindi.
Iko Kirumba hadi leo, naanikia vikombe.
Watoto hukanyaga pedali, gurudumu huzunguka,
hakishonwi kitu.

Kila asubuhi, saa mbili na dakika ishirini,
ndege hii hii hupanda juu ya mawe na kukata ziwa,
nami nimeijazia tumbo kwa mikono yangu.
Dakika hamsini kasoro tano.
Sijawahi kuipanda.

Jumanne akashuka kijana, Byabato, sikumjua.
"Nimeagizwa nimpe mama wa mizani."
Bahasha ya kaki. Barua hamna, jina hamna.
Ndani mkanda wa ngozi, umejiviringa, umekauka,
na ile pini ya waya mama aliyoungia kwa meno.

Mkanda wa cherehani.
Kwa mwenye kichwa, ni kamba.
Kwa mwenye miguu, ni kamba.

Mzigo unaofika haupimwi, ndiyo kanuni,
lakini mkono una mazoea yake.
Nikauweka.
Sifuri.
Nikagonga mizani kwa kiganja.
Sifuri.
"Umeweka nini hapo?" Lugembe akacheka. "Hewa?"

Foleni ilikuwa imefika mlangoni.
Mama mmoja, kitenge kipya, tiketi ameishika mikono miwili,
akainama dirishani:
"Samahani, dada. Bukoba ni mbali?"

Nikafungua mdomo, jibu liko tayari, la miaka kumi na mmoja,
nikalifunga tena.
"Ngoja kidogo, mama," nikamwambia.
"Mashine hii inasumbua.
Ngoja nipime upya."