Mtegemea Nundu

Duka langu lipo Adam, kando ya barabara ya Haima,
mkono wa kulia ukitoka Nizwa: maji, biskuti, mafuta ya breki,
na daftari la madeni lenye jalada la bluu.
Magazeti ya biashara siyasomi. Nasoma daftari.

Mwaka ule bei ya pipa ilipoanguka
nilijua kabla ya redio.
Mhanna, dereva wa lori la maji ya kambini,
aliniambia, "Andika, Ghaniya, nitalipa mwezi ujao,"
naye hajapata kuniambia andika.
Wiki ya pili, dobi. Ya tatu, Biju wa pancha,
aliyekuwa akiziba magurudumu kumi na manne kwa siku,
yuko juu ya tairi anamenya chungwa
taratibu, kama mtu anayefungua barua.
Mpishi, fundi wa jenereta, mwenye vyumba vya kupanga:
kumbe sote tuliajiriwa na kisima kimoja
tusichowahi kukiona.

Dada yangu Rayya ameolewa Bahla.
Kwao kuna vyungu, tende, mnada wa mbuzi,
walimu wenye mshahara, wageni wa kuipiga picha ngome.
Nilimpigia nikilia. Akasema,
"Hata huku mambo yamepoa. Kahawa tunaizidisha maji kidogo."
Kidogo! Nikakata simu kwa wivu.

Lakini niseme na hili, haki ya Mungu:
bei iliporudi, Bahla ilisogea hatua moja,
jirani wa Rayya akapaka mlango rangi.
Adam ilipaa. Mhanna alilipa deni lote
kwa noti mpya zilizogandana,
akaoza mabinti wawili kwa mwezi mmoja.
Nikawa nafunga duka saa sita usiku.
Safari hii Rayya ndiye aliyekata simu.

Mama, akipakua mchuzi, alizoea kusema
mtegemea nundu haachi kunona.
Kweli, mama. Ila yako ilikuwa ya ng'ombe wa Unguja.
Huku nundu ni ya ngamia:
njaa ikizidi huliwa kwa ndani,
ikalala ubavuni kama mfuko mtupu.

Asubuhi hii malori kumi na saba yamekwenda kusini.
Biju ameajiri kijana.
Nami, katikati ya neema,
nimenunua cherehani, na mbuzi watatu, mmoja kilema,
nikawafunga nyuma ya duka.
Mhanna kawaona, kacheka: "Ghaniya, unaogopa nini?"
Nikafungua daftari, ukurasa mweupe,
nikaupuliza vumbi.