Dirisha la Nne

Kadi ya kliniki, Temeke: Nikodemo.
Cheti cha shule: Nikodemus,
ile s aliiongeza mwalimu Mbwilo
kwa kalamu nyekundu, bila kuulizwa.
Kitambulisho: Nikodemu.
Karani ananitazama kama watu watatu
wanaochangia shati moja.

Padri aliyenibatiza Keko alisema ni la Kigiriki:
nike, ushindi; demos, watu.
Mama alisikia ushindi, akatosheka.
Nilitanguliza miguu,
nyuma ya watatu ambao hawakufika arobaini.

Shuleni walilipasua katikati
wakanibakizia demu.
Nililipigania kwa ngumi mpaka darasa la saba;
hayo ndiyo matokeo pekee
ya ushindi wa Wagiriki huku Keko Machungwa.

Sasa karani anataka kiapo cha wakili,
mhuri, elfu ishirini,
na nichague moja.
"Lipi lako hasa?"
Feni inazunguka. Foleni inakohoa.
Nimeshika kalamu, sijaandika kitu.

Jioni nampigia mama.
Yeye herufi hajawahi kuuliza.
Huita tu, kama anayehesabu waliobaki:
"Niko?"

"Niko."