Siku Tatu

Hatuendi msibani. Nimelisema hili
kwa shangazi, kwa mwenye nyumba, kwa fundi baiskeli,
kwa jirani wa Mwanga aliyeniazima begi:
hatuendi msibani, wala hakuna anayeolewa.
Tunakwenda Kasanga kutembea, sisi watano,
halafu turudi.
Wananitazama kama nimeiba.

Pesa ni ya mawese na sabuni, miaka miwili,
noti juu ya noti ndani ya kopo la maziwa,
na sasa kopo limejaa, ugomvi umeanza:
Lugufu au Mapambazuko?

Mapambazuko ni nyeupe kama jino la mtoto.
Viti vina mikanda, kama vya ndege,
anasema Yohali, ambaye ndege anaionea angani.
Kuna runinga. Kila kiti na tundu lake la kuchajia.
Unapanda mchana, unalala umekaa, unaamka umefika.

Lugufu unaisikia kabla hujaiona.
Vijijini haifungi gati; inasimama majini usiku,
inapiga honi, na giza lote linashika kasia:
mitumbwi, karabai, mananasi, magunia ya dagaa,
mama mmoja na kuku wake
anavutwa mkono kupitia mlango wa ubavuni,
huku anatukana, huku anacheka.
Siku tatu kwenda. Nne, ikiamua.

Kila mtu alijua nani angetaka ipi.
Kashindi, mume wangu, alibeba mizigo Lugufu miaka kumi na mmoja;
bega lake la kushoto mpaka leo liko chini ya la kulia.
Mimi ni wa Uvinza, nimekulia kwenye chumvi.
Maji yakinipita magoti naanza kusali.
Basi yeye ya zamani, mimi mpya. Hesabu nyepesi.

Kashindi akasogeza sahani.
"Ninyi mnasikia honi," akasema.
"Mimi nimekesha na pampu yake. Nasikia pampu."
Akarudi kwenye mgebuka wake, akautafuta mwiba.

Nami, mwoga wa maji, nikajisikia nasema: Lugufu.
Walicheka mpaka Bahame akapaliwa,
Mwavita akampiga mgongoni huku naye anacheka.

Sikueleza. Ningesema nini?
Kwamba Yohali ana miaka kumi na sita
na siku hizi namjua kwa kisogo,
kilivyoinamia mwanga wa simu?
Kwamba tangu niolewe sijapata siku tatu
jiko lisiniite?
Wao wanataka kufika. Mimi nataka pale katikati,
pasipo duka, pasipo mgeni anayebisha hodi,
Mahale ikipita taratibu upande wa kushoto
kama mtu asiyedaiwa,
na mtoto, kwa kukosa la kufanya, anauliza:
mama, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa nini?

Jumamosi Kashindi alimpeleka Bahame bandarini.
Akapanda Lugufu, akahesabu majaketi ya kujiokolea,
akarudi na uso wa mkaguzi wa serikali.
"Tisa," akasema. "Na moja limeliwa na panya."

Haya. Nimeshindwa na panya.

Nimekata tiketi tano za Mapambazuko.
Karani akanipongeza: "Mtafika upesi, mama."
Nikamjibu asante, kwa adabu zangu zote.

Kisha nikapita sokoni nikanunua ndoo yenye mfuniko.
Honi ikilia, simu zote zitaingia humo,
ya Kashindi kwanza, ili pasiwe na maneno.
Runinga siiwezi, nitaipa mgongo.
Kiti cha dirishani ni changu, na woga wangu,
Yohali ubavuni.

Usiku mmoja.
Unga kidogo, watoto watatu:
si mara yangu ya kwanza
kuusukuma mpaka ukatosha.