Kati ya Mahubiri na Mpira

Ukizungusha kitufe polepole, kama mtu anayefungua sanduku la mwenzake,
ukapita mahubiri, kabla hujaufikia mpira,
palikuwa na upenyo mwembamba, wa kupita mjusi.
Humo ndimo tulimoishi.

Sina cheo cha kujivunia. Mimi nilishika mlingoti:
bomba la maji la futi ishirini, waya wa shaba,
na miguu yangu juu ya bati la mzee Kibwana.
Nikiegemea kulia, Kigogo wanasikia.
Nikiegemea kushoto, Kigogo wanapotea, Mburahati wanaamka.
Mikono ikifa ganzi
wanasikia wote, vibaya.

Chini yangu godoro limesimamishwa mlangoni,
trei za mayai zimepigiliwa mpaka darini,
na Pazi, fundi simu, kapiga magoti mbele ya mtambo
alioufinyanga ndani ya kasha la spika ya msibani.
Ulichemka. Tuliupepea kwa upepeo wa mkaa.

Nestori, mlinzi wa ghala la saruji Chang'ombe,
hewani alijiita Daktari wa Zamu.
Alisoma matangazo kwa sauti ya hukumu:
"Aliyeokota mguu wa bandia, wa kushoto, darajani,
aurudishe. Mwenyewe anasubiri palepale.
Ataendaje?"

Sikudhani hakuwa na jina la hewani.
Alisema tu, "Ni mimi,"
na mtaa mzima ukapunguza moto chini ya maharage.
Alijua bei ya dumu la maji kabla ya wauza maji.
Alijua nani kahama usiku na kodi ya miezi minne.
Hilo hakulisema; alikohoa kidogo,
na wadeni wakalala macho wazi.

Saa tatu mpaka saa tano, basi. Ndiyo sheria yetu sisi tusio na sheria:
zima kabla gari lenye masikio juu halijatunusa.

Kisha ukaja usiku ule Msimbazi ulipopanda kitandani kwa watu.
Saa tano ikapita. Pazi akasema, "Zima."
Sikudhani akamuuliza, "Kwani maji yamezimwa?"
Akaendelea, nyumba kwa nyumba, kama anayesahihisha daftari:
"Mama Tausi, amsha watoto, anza na yule mzito wa usingizi.
Mzee Ligongo, acha friji. Friji haina roho.
Vijana wa gereji, kamba yenu iko wapi? Ipelekeni kwa Bi Nyamizi,
na msimwambie mnambeba, mwambieni mnamsindikiza."
Juu batini mvua ilinipiga kama deni.
Niliegemea kulia. Nikaegemea kushoto.
Adhana ya alfajiri ilimkuta sauti imebaki uzi,
na uzi ule bado unahesabu watu.

Siku ya tatu wakaja. Wapole. Walivua viatu.
Wakaandika: mtambo mmoja usio na kibali. Bomba moja.
Trei za mayai wakazihesabu mara mbili,
wakabishana kama ni kielelezo au ni uchafu.
"Mtangazaji ni nani?"
"Kanda," akasema Pazi. "Tulikuwa tunapiga kanda."
Nestori akatazama dari.
Pembeni, mkekani, mama mmoja anachambua mchele.
Kijana mwenye kalamu akainama: "Shikamoo, mama."
Akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa, akaendelea na mchele.
Angeitika tu, angejulikana.
Maana yule kijana, nilimwona, alikaa kidogo
akitazama ile mikono,
kama aliyesahau kitu na hajui ni nini.

Sasa Sikudhani anauza miguu ya kuku Mabibo,
anauza kwa vidole.
Viwili: mia mbili. Ngumi: imeisha.
Wateja wapya humwita Mama Bubu,
humwongezea huruma, na huruma huwa na shilingi.
Kigogo mvua ikianza, watu bado wanazungusha kitufe,
wanasimama kati ya mahubiri na mpira,
wanasikiliza mkwaruzo.

Jana nilimpunja makusudi, nipate walau tusi.
Akanitazama mpaka nikaona haya.
Akainua kidole kimoja: bado mia.
Nikalipa.