Nukta

Kabla hujagusa chochote, Beñat, kunja mikono ya shati.
Na pete hiyo. Najua ni ya bibi yako. Itie mfukoni.
Nje mvua ya Elgoibar ni ileile ya jana,
mto Deba umejaa tope, mlima umemezwa;
humu ndani kuna joto, na harufu ya mafuta
utakayokwenda nayo nyumbani, kitandani, hadi harusini kwako.

Hii ni mashine ya kukereza.
Ina taya tatu: hushika, hazitafuni.
Chuma ndicho kizungukacho. Visu vimekaa kwenye mnara,
kumi na viwili kama saa ya ukutani,
kila kimoja na namba yake, na zamu yake.
Njia ni mbili tu:
X hukipeleka kisu kwenye moyo wa chuma au kukitoa,
Z hukipitisha kushoto na kulia, kama jicho la msomaji.
Kwa njia hizo mbili tumetoa humu
ekseli za matrekta, nyonga za wazee wa Bilbao,
na kitu fulani cha ndege ambacho hatukuambiwa jina lake.
Maranda usiyashike. Yanang'aa, lakini ni wembe.

Baba yangu, Anttoni, alikereza miaka thelathini na saba
kwa gurudumu la mkono.
Alipitisha kidole gumba juu ya chuma, macho kafumba:
"Bado unywele."
Maikromita ikaletwa, ikakubali kwa haya.
Siku walipoiingiza hii, na kioo chake na vitufe,
aliizunguka mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe,
akauliza, "Inasikia?"

Haisikii, Beñat. Tuanzie hapo.
Chuma kikilia haisikii, uso wako haiuoni,
ulichokusudia haikijui. Inajua ulichoandika.

Kwanza ionyeshe sifuri iko wapi.
Sogeza ncha ya kisu taratibu, karatasi ya sigara katikati,
ivute, ivute; inapoanza kugoma,
hapo ndipo dunia inapoanzia.
Ukikosea hapo, kila kitu kitakuwa sawasawa
mahali pasipo pake.

Kisha namba.
Shuleni walikufundisha kuandika mkato.
Hapa mkato haujulikani. Hapa ni nukta,
na hata namba nzima haiachwi uchi.
Usipoiweka, kikongwe hiki
hugeuza kila milimita yako
kuwa sehemu ya elfu ya milimita.

Inama. Tazama taya ya pili. Unaliona pengo?
Ni langu.
Februari, saa kumi na moja alfajiri, mwisho wa zamu,
nina miaka ishirini, na mchumba aliyeniacha Ijumaa.
Nikaandika X mia na ishirini,
maana yake: toka, kaa mbali na chuma.
Nukta ikabaki kidoleni.
Na kisu, kwa utiifu ambao sijauona kwa mtu,
kikakimbilia katikati ya moyo.

Mlio mmoja. Kisha maji meupe kama tui
yakiendelea kumwagika juu ya maiti.
Euro elfu kumi na moja. Edurne aliibandika hati ile
kwenye mlango wa choo. Bado ipo, imefifia,
lakini sufuri zinasomeka.

Baba alikuja kunichukua na mwavuli.
Hakunigombeza. Alitia kidole gumba kwenye pengo,
akafumba macho kwa muda mrefu.
"Kumbe ni sikivu," akasema. "Kupita kiasi."

Haya, funga mlango. Cha kijani ni hicho.
Lakini kiganja kikae juu ya chekundu;
usibonyeze, weka tu,
kama unavyomshika mtoto bega ukingoni mwa barabara.
Mstari mmoja mmoja.
Soma kwa sauti.
Hapana, rudia.
Umesema, "X, mia na ishirini."
Kisha nini?